Fisi Mwenye Mwaka Mmoja na Nusu

Paukwa!

Pakawa!

Nije na maziwa ama nije na kopo?

Njoo na maziwa!

Ahaa. Leo mnasema hivyo. Siku ile mbuga nzima hakuna aliyesema hivyo. Haya, sogeeni, wenye watoto wakae mbele wapate kunyonyesha, na msikilize.

Hapo kale, wala si kale sana, katika mbuga ya Tondoo waliishi wanyama washamba kabisa. Mtoto akizaliwa alipewa ziwa. Akilia alipewa ziwa. Akilia tena alipewa la pili. Basi, ndiyo ilikuwa elimu yao yote. Watoto walikua, wakawa na meno, wakaoana. Hakuna aliyeitisha semina.

Katika mbuga hiyo aliishi Bi Nguchiro. Mwili mdogo, pua ndefu, macho hayatulii. Nyoka akimwona hubadilisha njia. Watu walikuwa wakisema, ukitaka kumdanganya Bi Nguchiro, amka kabla hujalala. Lakini uzazi wa kwanza ni uzazi wa kwanza. Alipojifungua binti mnene, mashavu yamejaa hata macho hayaonekani, akamwita Mashavu, na kuanzia siku hiyo akili zake zote zikamhama. Mtoto akipiga chafya, mama analia. Mtoto asipopiga chafya, mama analia pia, anauliza mbona hapigi.

Siku ya tatu, mlangoni: ngo! ngo! ngo!

"Hodi mwenye mtoto!"

"Karibu," akajibu bibi yake Mashavu, aliyekuja kumwuguza bintiye uzazi. Alikuwa anakoroga uji wa mtama wenye pilipili manga.

Akaingia Bwana Fisi. Amevaa koti jeupe. Kalitoa wapi? Hakuna aliyemwuliza. Mwenye koti jeupe haulizwi.

"Hongera, mama. Mtoto mzuri, maskini."

Bi Nguchiro akashtuka. "Maskini kwa nini?"

"Nimesema maskini? Usijali, mama. Ananyonya nini?"

"Ziwa."

"Ziwa tu?" Fisi akatikisa kichwa taratibu. "Ziwa tu. Haya. Mungu mkubwa."

Jamani, mzazi wa siku tatu ukimwambia Mungu mkubwa kwa sauti ile, umeshammaliza.

"Hebu kamua kidogo nione," akasema Fisi. Bi Nguchiro akakamua. Yakatoka ya njano, mazito, kama yatokavyo siku za mwanzo. Fisi akaruka nyuma. "Mama yangu! Ya njano! Haya machafu, yameoza ndani kwa ndani. Usimpe mtoto! Wala usiyamwage hapa, yataleta nzi. Weka kwenye kibuyu changu, nitakwenda kukutupia mimi mwenyewe, mbali. Bure."

Bibi akaacha kukoroga. "Hayo ya njano ndiyo kinga ya mtoto. Wewe Nguchiro ulinyonya hayo hayo. Na mimi nilinyonya hayo hayo."

"Bibi," akasema Fisi kwa upole, "zamani ni zamani."

Akatoa kopo. Kopo linang'aa, lina picha ya mtoto wa simba aliyenona hata shingo hana. Ndani mna unga mweupe. "Huu ni Unga wa Kibonge. Koroga na maji, mpe mtoto. Na ushahidi ni mimi mwenyewe. Hebu nitazame. Meno?"

"Makubwa."

"Shingo?"

"Nene."

"Mimi nina mwaka mmoja na nusu."

"Mwaka mmoja na nusu!"

"Sijatimiza miaka miwili, mama. Nimelelewa kwa Kibonge."

Mnacheka? Chekeni. Ndevu zilikuwa na mvi, sikio moja lilikuwa limeliwa na simba miaka ya njaa. Lakini alikuwa na koti jeupe.

"Mwaka mmoja na nusu!" Bibi akapiga makofi. "Huyu alikuwepo kwenye matanga ya mume wangu, na nyama ya matanga aliimaliza yeye!"

"Mama, nyamaza, unanitia aibu," akasema Bi Nguchiro. "Huyu ni mtaalamu."

Basi akapokea kopo. Bure, zawadi ya uzazi.

Fisi akaenda nyumba ya pili. Ngo! ngo! ngo! Kwa Bi Pundamilia: "Ziwa tu? Haya. Mungu mkubwa." Kopo bure. Ngo! ngo! ngo! Kwa Bi Ngiri: "Ziwa tu? Haya. Mungu mkubwa." Kopo bure. Hata kwa Bi Ndovu, ambaye ziwa lake lingelisha kijiji, akasema "Ziwa tu?" na Bi Ndovu, pamoja na ukubwa wote ule, akaanza kulia. Kwake Fisi hakuja na kibuyu, alikuja na pipa.

Mwishoni akafika kwa Digidigi mmoja mzee aliyekuwa akilea mjukuu yatima, mama yake kachukuliwa na chui. Yule mzee akatoka mwenyewe mbio kumpokea. "Afadhali umekuja, mwanangu! Huyu hana ziwa popote. Nipe kopo."

"Mama yake hayupo kabisa?" akauliza Fisi.

"Hayupo."

"Basi kopo lako mayai kumi." Mayai ndiyo yaliyokuwa fedha mbugani Tondoo.

"Mbona wenzangu umewapa bure?"

"Wenzako wana maziwa, bibi," akasema Fisi, akaenda zake.

Mmesikia? Mwenye maziwa alipewa bure. Asiye na maziwa aliambiwa alete mayai. Mimi sina elimu ya biashara, mwenye nayo atanieleza.

Sasa, kopo la kwanza bure. Kopo la pili bure. Ziwa la Bi Nguchiro likajaa, likauma, Fisi akaja na kibuyu: "Niletee hayo machafu, nikutupie." Wiki ya pili likapungua. Wiki ya tatu likakauka. Na siku lilipokauka, sijui nani alimwambia, ngo! ngo! ngo!

"Hodi mwenye mtoto! Kopo la tatu mayai kumi."

"Kumi! Si ulisema bure?"

"Bure ilikuwa ya kufahamiana, mama. Sasa tumeshafahamiana."

Kopo la tatu mayai kumi. La nne mayai ishirini. Bi Nguchiro alishinda porini akitafuta mayai ya kanga na ya kware, arudi na kumi na nane, Fisi aseme bado mawili. Chakula chake mwenyewe hakuonja. Unga ukipungua aliongeza maji. Vijiko vitatu vikawa viwili, viwili vikawa kimoja, na maji yenyewe ya dimbwi alilokuwa akiogea Kiboko. Mtoto alikuwa anakunywa maji ya Kiboko yaliyopakwa weupe.

Mashavu akaanza kuhara. Jina likabaki Mashavu, mashavu yenyewe yakaenda. Zamani alilia nyeee! nyeee! mpaka ndege wakaruka. Sasa alilia nye. Kisha n. Kisha akawa anafungua mdomo tu.

Si yeye peke yake. Na mama aliyefiwa na mtoto, wa kwanza kufika na pole alikuwa Bwana Fisi, na koti lake. Alijitolea kuzika yeye mwenyewe. Bure. Kaburi hakuna aliyewahi kuliona.

Asubuhi moja Bi Nguchiro alikoroga kopo tupu, akapata vumbi la kutosha kope. Akamwachia bibi mtoto, akaenda pangoni kwa Fisi kuomba kijiko kimoja tu. Alikwenda kuomba, narudia, yeye aliyekuwa akiwafukuza nyoka. Njiani alikuwa akifanya mazoezi ya kusema tafadhali.

Alipofika karibu na pango akasikia: nywi, nywi, nywi. Akachungulia. Bi Fisi kalala ubavu, watoto wake wawili wananyonya, wamenona, matumbo yanaburura chini. Mmoja akaacha ziwa, akatambaa kulilamba kopo lililokuwa pembeni. Bi Fisi akampiga kofi, pwaa!

"Wacha hiyo! Hiyo ya kuuza!"

Bi Nguchiro akajibanza majanini. Akazunguka nyuma ya pango. Huko akaona marundo meupe yameanikwa juani, na kinu na mchi kando. Wasikilizaji wangu, fisi mnajua anakula nini. Anakula mifupa. Na mifupa ikiingia mahali, lazima itokee mahali, na ikikauka huwa myeupe. Siendelei, kuna watu hapa hawajamaliza kula.

Na pale kando ya kinu alikuwepo Bwana Fisi mwenyewe, kichwa kimezama kwenye vibuyu. Chabu! chabu! chabu! Anakunywa, anajilamba, anasema peke yake: "La Bi Ndovu zito. La Bi Ngiri lina chumvi kidogo. La Bi Nguchiro, aa, lilikuwa dogo lakini tamu, sijui mbona limekatika."

 Bi Nguchiro aliona haya kwanza. Kisha uchungu. Hasira ilikuja mwisho, ikakaa. Akarudi mbio huku analia waziwazi, akimkumbuka mama yake na uji wake na aibu aliyomtia.

Nyumbani hakumkuta bibi peke yake. Alimkuta na Bi Swala, aliyejifungua juzi na nyumba yake iko mbali, koti jeupe lilikuwa halijamfikia. Bi Swala alikuwa amempakata Mashavu, anamnyonyesha. Mtoto ananyonya kidogo, anapumzika, ananyonya tena.

"Mama, nisamehe," Bi Nguchiro akamwambia bibi.

"Kunywa uji," akasema bibi. "Kisha na wewe umweke ziwani, hata kama kavu. Ziwa huitwa na mtoto, haliitwi na mtu mwingine."

Bi Swala akacheka. "Lakini mjue huyu sasa wangu. Akishashiba mara tano ni mwanangu wa kunyonya, dada wa kijana wangu. Wasije wakatuambia baadaye wanataka kuoana. Na kijana wangu hawezi kumgusa huyu kwa ubaya hata siku moja, wamenyonya ziwa moja."

Bi Nguchiro aliacha kulia. Akalishusha bakuli la uji. Akili zake, zile zilizomhama siku ya uzazi, zikaanza kurudi moja moja.

"Bi Swala, hebu rudia. Mara tano?"

"Mara tano, za kushiba. Na awe hajapita miaka miwili. Si ndiyo mila yetu?"

"Ndiyo mila yetu," akasema Bi Nguchiro. "Hajapita miaka miwili. Ndiyo mila yetu kabisa."

Wiki ile ilikuwa arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa Bi Ndovu, na arobaini ya ndovu si mchezo, mbuga nzima inakula. Bi Nguchiro akaenda kwa Fisi, akainama. "Daktari, kina mama tunataka uwe mgeni rasmi. Utuhutubie."

Fisi kusikia mgeni rasmi, mate yakamdondoka. Akalifua koti.

Siku ikafika. Kina mama wote wamekaa na watoto wao dhaifu mapajani. Maalim Kobe, ambaye ndiye aliyekuwa akiamua nani aoane na nani, kakaa kwenye mkeka wa mbele. Fisi akapanda juu ya kichuguu. Bi Nguchiro akasimama chini yake, mdogo, kashika upawa kama kipaza sauti.

"Daktari, kina mama wengine wana shaka. Wanasema eti hukulelewa kwa Kibonge. Waambie una umri gani."

"Mwaka mmoja na nusu!" akanguruma Fisi.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Mwaka mmoja na nusu!"

"Maalim Kobe masikio yake mazito."

"MWAKA MMOJA NA NUSU! Sijafika miaka miwili, na apinge mwenye meno kunizidi!"

"Nimesikia," akasema Maalim Kobe.

"Wengine wanasema," akaendelea Bi Nguchiro, "eti daktari huyu anasema maziwa yetu machafu, na yeye hajapata hata kuyaonja. Anasema tu."

Kina mama wakanung'unika. Fisi akavimba. Hakuna kitu kinachomwuma mtaalamu kama kuambiwa hajui. "Nani hajayaonja? Mimi? Nimeyapima yote kwa ulimi wangu!"

"Ulionja tone moja tu, daktari. Tone haliwezi kukufundisha."

"Tone? Nimekunywa nikashiba! La Bi Ndovu pipa zima! La Bi Ngiri lina chumvi! La Bi Pundamilia lina harufu ya majani mabichi! Mnabishana na mimi?"

"Labda mara moja."

"Mara moja! Mara tano! Mara kumi! Kila mmoja wenu, kila siku, nimeshiba hadi nimelala!"

Kina mama wakamkodolea macho. Hata nzi walitua. Fisi akatabasamu, akidhani wamevutiwa.

"Maalim," akasema Bi Nguchiro, "mtoto ambaye hajafika miaka miwili, akinyonya maziwa ya mama mara tano akashiba, ni nani kwa mama huyo?"

"Ni mwanawe," akasema Kobe.

"Na watoto wa mama huyo?"

"Ndugu zake. Hali nyama yao wakiwa hai, hali wakiwa maiti. Akiwagusa, mama atamnyima radhi, na asiye na radhi ya mama ardhi haimpokei."

Tabasamu likamkauka Fisi mdomoni. "Ngojeni. Ngojeni kidogo. Mimi mtu mzima. Nina wajukuu!"

"Wajukuu?" akasema Kobe. Kobe hana haraka, mnajua. Alinyosha shingo, akairudisha, akainyosha tena. "Sikiliza, Fisi. Kama umepita miaka miwili, basi yale uliyokunywa ni wizi, na umri ulioutangaza ni uongo, na kopo lote ni uongo. Hapa Tondoo mwizi mwongo hukanyagwa na Bi Ndovu. Kama hujapita miaka miwili, wewe ni mtoto wa mama hawa. Chagua."

Fisi akautazama mguu wa Bi Ndovu. Bi Ndovu akaunyanyua kidogo auone vizuri.

"Mimi... mtoto."

"Wa nyuma hawajasikia," akasema Bi Nguchiro.

"Mimi mtoto! Nina mwaka mmoja na nusu!"

"Mwanangu!" akalia Bi Ndovu, akamkumbata kwa mkonga, mbavu zikasema ka-ka-ka. "Mwanangu wee! Umekunywa pipa zima na hakuna aliyekucheulisha!" Akambwaga begani kama mtoto mchanga, akaanza kumpiga mgongoni atoe hewa. Pu! Pu! Pu! Fisi akacheua. Pu! Pu! Pu! Akacheua tena. Kila Bi Ndovu alipochoka, Bi Pundamilia alisema, "Na mimi ni mama yake!" akampiga kwa kwato. Mpaka leo mgongo wa fisi umelala nyuma. Ni malezi hayo.

Tangu siku hiyo Fisi hakuuza tena. Mtoto atamwuziaje mama yake? Mayai ya kina mama aliyarudisha moja moja, na mengine aliyatafuta porini, maana mtoto mkubwa ndiye anayemtunza mzazi. Alikata kuni, alichota maji safi mbali na dimbwi la Kiboko. Kuzika watoto alikatazwa. Na bibi yake Mashavu alipita nyumba kwa nyumba, ngo! ngo! ngo!, na uji wake wa mtama: kunywa, mweke ziwani, hata kavu, mweke. Waliokuwa na maziwa bado waliwanyonyesha watoto wa wasio nayo. Yule yatima wa Digidigi, aliyenyimwa kopo, akapata mama sita kwa mpigo, akanenepa kuliko wote.

Bi Nguchiro alimweka Mashavu ziwani siku ya kwanza: hakuna. Siku ya pili: hakuna. Siku ya tano: tone. Baina ya ziwa moja kavu na jingine kavu, Bi Swala alikuja kuziba pengo. Siku ya kumi na mbili Mashavu alifungua mdomo, akalia nyeee! ndege wakaruka. Mama yake alikaa chini akalia naye, wala hakujificha.

Kuna watoto ambao hawakulia tena. Bwana Fisi hakuwarudisha hao, hata angekata kuni maisha yake yote. Kina mama zao wanamwita mwanangu kama wengine. Ila wao wakimcheulisha, hupiga kwa nguvu zaidi.

Funzo la hadithi hii, andikeni: tangazo la biashara halisemi uongo. Bwana Fisi alitangaza kwamba ana mwaka mmoja na nusu, na mwaka mmoja na nusu ndio alionao mpaka leo. Akimwona mama yeyote mbugani, hata awe mdogo kama Bi Nguchiro, anainama, anasema, "Shikamoo, mama." Na Unga wa Kibonge unalea vizuri sana jamani, tazameni kijana alivyotoka na adabu. Kwa hiyo akija mtu na koti jeupe, mpokeeni, msimwulize kitu. Mwulizeni umri tu.

Ngano yangu imefika ukomo. Ikiwa tamu, nyonyeni nyote mshibe. Ikiwa chungu, mniachie mimi kopo tupu, nitalipandia maua.